Sauti Moja Uwanjani

Jumamosi, 1 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata shangazi, ambaye akianza kunichokonoa huwa natoboa kila kitu. Sauti ya mama yangu akiwa kazini naiogopa, na papo hapo naipenda. Nyumbani mama huongea kama watu wengine. Kule kwenye uwanja wa matofali akisema "Funikeni," moyo wangu hushtuka kwanza, halafu hujaa, kana kwamba ni mimi niliyesema. Mimi siwezi. Darasani mwalimu akinitaja nisome kwa sauti, walio nyuma huanza kulalamika kwamba hawasikii kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

Naandika kwa sababu leo mama ameanza usimamizi. Ni kaimu tu. Msimamizi wa zamani, ambaye watu wote humwita Radi, ameacha kazi kwa sababu ya goti. Tajiri, yaani mwenye uwanja, amemwambia mama ashike nafasi hiyo msimu huu wa mvua. Mvua zikiisha ataamua kama nafasi ni ya mama au ya fundi wa tanuru. Mama amefyatua matofali pale tangu sijaanza shule, na hajawahi kutaka kitu kingine waziwazi namna hii. Amejinunulia mabuti mapya.

Nieleze na kazi yenyewe. Tofali likitoka kwenye kalibu, kile kiunzi cha kufyatulia, huanikwa uwanjani siku kadhaa kabla ya kuingia tanuruni. Likinyeshewa kabla ya kuchomwa linarudi kuwa tope. Likifunikwa wakati jua linawaka, linatoa jasho chini ya turubai na kupasuka. Kwa hiyo pale kuna sheria moja inayozidi zote: anayeamuru kufunika ni mmoja, msimamizi, na akisema, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia maturubai. Wengine hawaruhusiwi kuita, hata wakiona wingu limekaa juu ya vichwa vyao. Na mfyatuaji halipwi kwa tofali alilofyatua, hulipwa kwa lililofika tanuruni.

Jumatatu, 3 Machi

Manyunyu tu. Mabuti yamemchubua mama kisigino.

Jumatano, 12 Machi

Nikitoka shule napitia uwanjani na kukaa chini ya banda, nasoma mpaka mama amalize. Wafyatuaji wamenipa jina la Kitabu. Leo wamempa mama la kwake. Aliita kufunika, wakakimbia, wakafunika, mvua ikanyesha barabara, matofali yote yakapona. Walipokuwa wamejikunyata bandani, fundi wa tanuru akasema, "Honi imelia leo, nusura niingie tanuruni mwenyewe."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Na huko nyumbani mzee anavumilia vipi?"

"Mzee dereva wa malori," fundi akajibu. "Ndiyo maana hapatikani."

Nilicheka kidogo na mimi. Naandika ukweli. Baba kweli hapatikani.

Radi alikuwa anaita kwa matusi. Alikuwa anarusha kalibu. Jina lake walilitamka kama watu wanaotaja timu yao.

Jumamosi, 15 Machi

Mama ameita kufunika, mvua haikuja. Upepo uligeuka, wingu likapita pembeni, jua likatoka. Wakafunua tena, wamenuna. Matofali machache yamepasuka.

"Mwanamke na woga," fundi akasema, si kwa sauti ya kuficha. "Akiona kivuli, funikeni. Akiona kunguru, funikeni."

Mama alipita mbele yake akibeba turubai begani. Akamwambia, "Fundi, ukimaliza kuhesabu kunguru, kuna ncha nyingine hii hapa."

Jioni shangazi alisikia habari hizo sokoni hata kabla hatujafika nyumbani. "Wifi," akamwambia mama, "kazi chukua, sikukatazi. Lakini hiyo sauti uiache hukohuko. Watu wanasema umekuwa dume." Kisha akanigeukia mimi. "Mtazame binti yangu huyu. Ana sauti ya kunong'ona, hata akikanyagwa anaomba msamaha yeye. Huyu atapendwa popote."

Niliona fahari. Sasa nikiisoma sentensi hiyo ya shangazi hapa nilipoiandika, sijui kama ilikuwa sifa.

Jumamosi, 22 Machi

Tajiri amemwita mama ofisini. Ofisi yenyewe ni kontena lililotobolewa dirisha, na dirisha liko juu ya benchi ninalokalia. Sikutega sikio. Sikuhama pia.

"Kazi yako naiona," alisema Tajiri. "Hakuna msimu tumepoteza matofali machache hivi. Lakini watu wananijia."

"Wanasema nini?"

"Unawafokea. Wanasema unawadhalilisha."

"Tajiri, pale kuna upepo, kuna mashine ya kukorogea udongo, na mistari inafika kule mtoni. Nisipopaza sauti nani atasikia?"

"Omba. Sema tafadhali. Tabasamu kidogo, mama, mbona ukitabasamu unapendeza. Wewe ni mzazi wa watu hapa."

"Radi alikuwa anaomba?"

Nikasikia kiti kikilia. "Radi ni Radi," Tajiri akasema. "Wewe unataka nafasi hii au hutaki?"

Mama alisema anaitaka. Alilisema haraka, kama mtu anayeshika kitu kinachoanguka.

Jioni, nikiwa namenya viazi jikoni, nilimsikia akijizoeza huku ameinamia moto. "Jamani, naomba tufunike. Jamani, tafadhali, tufunike." Akaniuliza, "Imekaaje?"

Nikamwambia imekaa vizuri. Ilikuwa imekaa kama sauti yangu.

Jumanne, 25 Machi

Mama ameomba, wamefunika. Walichelewa kidogo, mvua nayo ilichelewa.

Ijumaa, 28 Machi

Ameomba mara mbili. Mara ya kwanza hawakusimama. Wamejifunza kwamba kuna ya pili.

Jumatano, 2 Aprili

Fundi wa tanuru amemsifu mama mbele ya watu. "Siku hizi tuna mama, zamani tulikuwa na honi." Mama akatabasamu, alivyoagizwa. Nilimtazama mdomo. Ulikuwa unafanya kazi nzito kuliko mikono.

Shangazi anasema nyumba imepoa. Ni kweli. Mama haongei hata hapa.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Mwalimu wa lugha ameandika kwenye ripoti yangu: "Mpole, mwenye adabu, hasumbui." Shangazi kaisoma kwa sauti mara tatu. Mama aliisoma kimya, akaikunja.

Jumatano, 9 Aprili

Nataka kuandika kila kitu kabla hakijachanganyika na watakavyosimulia wengine.

Asubuhi ilikuwa ya jua kali. Uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku yoyote msimu huu, mistari kutoka bandani mpaka ukingo wa mto, kwa sababu fundi alikuwa anasubiri nafasi tanuruni. Mchana watu wakakaa kunywa chai. Mimi nilikuwa benchini kwangu. Mama hakukaa. Alikuwa amesimama katikati ya mistari, shingo juu, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya kazi, na nikaona pindo lake, lililokuwa likipepea upande wa mto, likianguka, halafu likipepea upande wa pili, ishara ambayo mama huisoma kabla ya mvua.

Mama akaja bandani. Akasema, na nanukuu, "Jamani, naomba tufunike, tafadhali."

Fundi wa tanuru alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha, akamjibu, "Tunakuja, mama. Tunamalizia chai."

Alilisema kwa upole kabisa. Hakuna aliyesimama. Wafyatuaji wawili walitazama vikombe vyao, wakamtazama fundi, wakabaki.

Mama akasema tena, "Tafadhali. Inakuja."

"Mama naye," mmoja akasema, akicheka. "Jua lote hili."

Nilimwona mama akivuta pumzi. Naijua pumzi hiyo, huwa inatangulia ile sauti. Kifua kilipanda, bega likapanda. Akatazama dirisha la ofisi. Tajiri alikuwa amekaa pale na miwani yake. Kifua cha mama kikashuka polepole. Akageuka, akaenda peke yake kwenye mstari wa mbali, akaanza kuburuta turubai ambalo hubebwa na watu wanne.

Nilikimbia kumsaidia. Tulifunika mstari mmoja na nusu. Kisha ikaja. Haikuanza kwa matone, ilishuka yote. Waliokuwa bandani wakaruka, vikombe vikamwagika, wakakimbia huku na huku wakigongana na maturubai, lakini ukifunika tofali lililokwisha kulowa unalifunika tope. Nilisimama nikaona kingo zikianza kulainika. Zilipoteza pembe kwanza. Halafu mstari mzima ukainama, kama watu waliosinzia.

Mfyatuaji mmoja, mama mtu mzima, alikaa chini kwenye mvua, akaweka mikono kichwani. Matofali yake ya wiki nzima yalikuwa pale.

Mama aliendelea kulikandamiza turubai kwa magoti. Hakuwa analia. Alikuwa anarudia, kwa sauti ya kuomba, "Tafadhali, tafadhali," na hapakuwa na mtu karibu yake zaidi yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Kikao bandani. Tajiri amesimama, sisi tumekaa juu ya kalibu zilizopinduliwa.

"Uliita au hukuita?" akamuuliza mama.

"Niliita. Mara mbili."

Tajiri akamgeukia fundi. Fundi akakuna kidevu. "Tajiri, mimi nilikuwa hapa hapa. Sikusikia mtu akiita. Nilisikia mama akiongea."

Nikasema, "Ulisikia. Ulimjibu kwamba mnamalizia chai."

Nilisema kweli. Lakini nilisema kwa sauti yangu, na yule mama mtu mzima aliyekaa ubavuni mwangu ndiye peke yake aliyegeuka. Akanibana mkono. "Nyamaza, mwanangu. Haya ya wakubwa." Nikanyamaza. Mpaka sasa alama ya vidole vyake ninayo.

"Hata kama ulisema," Tajiri akaendelea, "mbona hukupaza sauti? Mvua haibembelezwi."

"Uliniambia nisipaze."

"Nilikwambia uwe na lugha nzuri. Sikukwambia uuache uwanja uoge."

Watu wakacheka, baadhi yao wakiwa na tope la jana kwenye nguo. Tajiri akasema usimamizi unahitaji mtu mwenye msimamo, na kwamba hana kinyongo na mama, arudi tu kwenye meza ya kufyatulia. Fundi wa tanuru ndiye msimamizi kuanzia leo.

Mama alivua mabuti palepale, akayaweka chini ya benchi langu. Mezani watu hufyatua peku.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekutana na Radi dukani, anatembea kwa fimbo. Ananijua. Akanipa pole ya mama. Nikajikaza nikamuuliza, "Babu, na wewe ulikuwa unaita halafu mvua haiji?"

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Mara ngapi? Ee, mjukuu wangu, mvua ilikuwa inanicheza kama mpira. Nikikosea nilikuwa nawatukana kwamba wamefunika vibaya."

"Wakasema nini?"

"Wakasema Radi ana pua ya kunusa mvua. Wakasema leo mvua imemwogopa Radi, imepita mbali." Akafuta macho. Halafu akaacha kucheka. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyeulizwa swali jingine baada ya hilo.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi ameita bure. Matofali yamepasuka mengi kuliko siku ile ya mama. Akarusha kalibu, ikamkosakosa mtu mguuni. "Heri kujihami," wakasema. "Huyu sasa ndiye msimamizi." Mama alikuwa anasawazisha udongo kwa kibao. Hakuinua kichwa.

Shangazi leo amemuuliza, "Wifi, kwani siku ile walikusikia?" Mama akasema walimsikia. Shangazi akasema, "Basi ni washenzi." Ni mara ya kwanza namsikia akiwa upande wa mama.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeita mimi.

Fundi alikuwa ndani ya tanuru anapanga matofali, na aliye ndani ya tanuru haoni mbingu. Pindo la kanga ya mama likageuka. Nikamwona mama akilitazama, akaitazama mbingu, akarudisha macho kwenye kalibu, akafyatua tofali jingine. Wafyatuaji wote walikuwa wameona. Hakuna aliyekuwa na ruhusa.

Sijui niielezeje. Nilikumbuka pumzi ya mama ile ya siku tuliyopoteza matofali, ile aliyoimeza, na nikaivuta mimi. Ikatoka: "Funikeni."

Haikuwa yangu. Ilikuwa yake kabisa. Wote walikimbia kabla hawajajua wanamtii nani. Tajiri akatoka ofisini mbio, akaelekea moja kwa moja kwa mama. "Nilikwambia nini kuhusu kelele?"

"Siyo mimi," mama akasema.

"Ni mimi," nikasema. Mvua ikaanza kupiga juu ya maturubai. Tajiri akatazama mistari, yote imefunikwa. Akatazama kitabu changu kwapani.

"Mtoto mpole kama wewe," akasema.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mama aliniambia jambo moja tu. "Ulichelewa. Pindo likianza kuanguka unaita, hungoji ligeuke."

Jumatatu, 21 Aprili

Tajiri alikuja mezani kwa mama na kiti chake. Fundi, akasema, amelalamika. Hawezi kuwa tanuruni na uwanjani kwa wakati mmoja. "Kwa hiyo wewe uwe unamsaidia. Unamwangalizia mawingu. Ukiona yanakuja unamnong'oneza, yeye anaita."

"Kama nani?" mama akauliza.

"Kama msaidizi tu. Mbona unapenda vyeo?"

"Mawingu yana msimamizi wake, Tajiri. Mimi nina udongo."

Tajiri akanigeukia, akanikenulia. "Basi binti. Mapafu unayo. Wewe uwe unaita, mpaka shule zifunguliwe. Nitakununulia vitabu."

Vitabu. Aliyemwambia kuhusu mimi alimwambia vizuri. Mama hakunitazama, aliniachia mwenyewe.

"Hapana," nikasema. Fundi, aliyekuwa mdomoni mwa tanuru, aligeuka. Nadhani alinisikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua. Kila mtu anatazama juu.

Ijumaa, 25 Aprili

Moto ulikuwa umewashwa tanuruni tangu alfajiri, na fundi hawezi kuuacha kwa muda mrefu. Uwanja umejaa tena kama siku ile. Mchana chai ikaletwa, hakuna aliyekaa kuinywa.

Pindo likaanguka.

Nililiona, na pumzi ikanijia yenyewe. Mama akanitazama kutoka mezani. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Nikafunga mdomo. Jumamosi ile kuita kulikuwa kugumu. Leo kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi, maana yule mama mtu mzima alikuwa amesimama kando ya mistari yake mipya, akinitazama. Kama mvua ingeshuka, sehemu ya kosa ingekuwa yangu. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale.

Fundi akatoka mdomoni mwa tanuru, uso umejaa majivu. Akatazama juu, akamtazama mama. "Mama, unaonaje?"

"Naona udongo," mama akasema, akafyatua.

"Niite?"

"Msimamizi ni wewe."

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameita bure Jumatano ya wiki iliyopita, na Jumanne hii pia, na sasa aliogopa. Wafyatuaji wakaanza kusogea, si kuelekea maturubai, kuelekea meza ya mama. Yule mama mtu mzima akasema kwa nguvu, "Tajiri. Toka nje uone."

Tajiri akatokea mlangoni. Pindo likageuka. Bati la banda likaanza kugongagonga.

"Mama," Tajiri akasema. "Waambie wafunike."

Mama akaweka kibao chini. "Kama nani?"

"Sasa hivi ni wakati wa hayo?"

"Ndiyo wakati wake."

Tone likaanguka juu ya meza, kubwa, likaacha tundu kwenye udongo. Tajiri aliliona. Sote tuliliona.

"Kama msimamizi," akasema kwa sauti ndogo.

"Hawajasikia, Tajiri. Mashine inalia."

Uso ulimkunjamana. Akapaza sauti kwa wote, mpaka kule ukingoni: "Msimamizi ni huyu. Kuanzia sasa. Na hata mvua zikiisha." Fundi wa tanuru aliinamisha kichwa, na nadhani alishusha pumzi.

Mama hakutabasamu wala hakuomba. Akavuta ile pumzi, bega likapanda, na safari hii hakutazama dirisha lolote.

"Funikeni."

Nilitupa kitabu chini ya benchi, karibu na mabuti ya mama, nikakimbilia mstari wa mbali, ule niliofunika na mama siku ile. Niliinua ncha ya turubai. Aliyeshika ncha ya pili alikuwa fundi wa tanuru, maana amri ikitoka, hata fundi hukimbia. Ana umri wa baba yangu, na sijawahi kumwambia neno zaidi ya shikamoo. Alikuwa anavuta polepole, macho yake kwa Tajiri.

"Vuta," nikamwambia.

Akavuta.